Sukari ya Udi

Kibokoni, Jumamosi, Mfungo Tatu, 1996

Mvua imeshika tangu alfajiri, na sasa magharibi imekwisha swaliwa na bado haijaachia. Uchochoro umejaa maji, hakuna anayepita. Nyumba yetu inanuka sukari. Sukari iliyopikwa mpaka ikawa nyekundu, pamoja na marashi na sandali, harufu niliyokulia ndani yake na ambayo haijasikika humu tangu nilipoifukuza mimi mwenyewe.

Nimechoka leo kwa uchovu usiotokana na kazi. Mdomoni nina ladha mbaya. Nimesukutua kwa maji ya chumvi, nimetafuna karafuu, haitoki. Nitasema imetoka wapi, lakini nianzie mbali kidogo, maana nikianzia hapo hata mimi nitajiona mwendawazimu nitakapokuja kuyasoma haya.

Mama anasahau.

Mwanzo alisahau vitu ambavyo sote tunavisahau. Funguo. Jina la mjukuu wa jirani. Baadaye akaanza kuniuliza leo siku gani, nimjibu, na kabla sijamaliza kukunja nguo niliyoishika aniulize tena. Juzi juzi nilimkuta ameosha mchele vizuri kabisa, maji matatu, kisha akaumimina kwenye beseni la nguo chafu. Nikaokota punje moja moja kutoka kwenye mikunjo ya kanga yangu ya kulalia, huku yeye akinisaidia na kunilaumu kwa uzembe.

Nilimpeleka kwa daktari kabla ya Ramadhani. Akampima sukari, akampima presha, zote ziko juu. Alinieleza mimi, Mama akiwa amekaa papo hapo na buibui lake, akitazama kalenda ya ukutani kana kwamba anasemwa mtu mwingine. Alisema damu haiufikii ubongo inavyotakiwa. Alisema ule ugonjwa wa wazee wa kupoteza akili haujamshika sawasawa, ila yumo njiani. Dawa ya kurudisha kilichokwenda hakuna. Lakini nimwangalie kwa chakula: nipunguze sukari, chumvi, samli na nazi, nimzidishie samaki, mboga za majani, matunda na kunde. Huenda, alisema, ubongo wake ukakaa vizuri muda mrefu zaidi.

Huenda. Neno hilo nililibeba mpaka nyumbani kama mtu aliyepewa dawa ndani ya karatasi.

Mimi ni mwalimu wa sayansi kimu katika shule moja ya wasichana kule Tudor. Chakula ndiyo kazi yangu. Daktari angeniambia Mama anataka kupasuliwa, ningekaa chini nikalia kama watu wengine. Lakini aliniambia chakula, na mimi nikatoka pale kifua mbele, nikapita sokoni moja kwa moja.

Kuna jambo jingine pia. Nyanya, mzaa Mama, alifia katika chumba cha nyuma cha nyumba hii hii. Mwisho wake alikuwa hamjui Mama, akimwita "wewe mwanamke," na hata kumeza alikuwa amesahau. Mama ndiye aliyemuuguza. Tulipokwisha kumzika, Mama alikuwa uani akikamua shuka, akaniambia bila kunitazama, "Maryamu, mimi usiniwate nikafika kule."

"Sikuwati, Mama," nikamjibu. Upesi upesi, kama mtu aliyeombwa amletee mkate dukani.

Basi nikaingia vitani. Sukari ndiyo iliyotoka kwanza, mkebe mzima, pamoja na asali na sukari guru. Ikafuata samli. Mbuzi ya kukunia nazi nikaipandisha juu ya kabati, na nyumba ya Kibokoni ikawa haina tui, jambo ambalo nadhani halijapata kutokea mtaa huu tangu ulipojengwa. Samaki wa kuchemsha na nyanya na ndimu. Mchicha. Dengu. Mkate wa unga usiokobolewa, mzito, ambao nafsi yangu yenyewe haiupendi. Papai asubuhi na papai jioni. Na chai kavu, bila sukari.

Siku ya kwanza Mama aliionja ile chai, akakiangalia kikombe, akaniangalia mimi. "Hii ni chai au ni maji ya kuoshea bilauri?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikasema, naam, huyu ndiye Mama ninayemjua.

Kesho yake aliionja, akakiangalia kikombe, akaniangalia. "Hii ni chai au ni maji ya kuoshea bilauri?" Sauti ile ile, uso ule ule. Na kesho kutwa. Na kila asubuhi tangu hapo.

Ilinichukua muda kuelewa. Mimi nilidhani atazoea. Wanafunzi wangu nawaambia hivyo kila mwaka, kwamba ulimi huzoea, wiki chache tu na mtu huisahau sukari. Lakini kuzoea nako kunataka kumbukumbu. Mama hazoei kwa sababu hakumbuki kwamba jana pia ilikuwa hivi. Kila asubuhi kwake ndiyo asubuhi ya kwanza ya kunyang'anywa sukari, na anayemnyang'anya ni mwanawe.

Hili sijamwambia mtu.

Ndugu yangu Mahmudi ana duka la spea za malori kule Makupa. Huja Ijumaa baada ya swala, amenukia, na halua ndani ya mfuko wa kanzu. Tumegombana kwa ajili ya halua hiyo mpaka majirani wamefunga madirisha kwa heshima.

"Mtu mzima huyu, Maryamu, wamfundisha kula?"

"Daktari amesema."

"Daktari si mwanawe. Mwate ale. Ana kipi tena cha kumfurahisha?"

Nikamwambia yeye huja Ijumaa, akambusu Mama mkono, akamlisha halua, akaonekana mtoto mwema, kisha akaenda zake. Mimi ndiye ninayebaki na Jumamosi. Wiki iliyofuata nilikuta kipande cha halua kimefungwa ndani ya msala wa Mama, kimeshikana na nyuzi.

Majirani nao. Mama ana dirisha lake la juu linaloelekeana na la Bi Shamsa, ng'ambo ya uchochoro, wamezungumza kwa dirisha hilo tangu mimi nasoma darasa la kwanza. Siku moja nilimsikia akimwambia kwamba nyumba hii siku hizi watu wanapewa chakula kama ndege, tena ndege wa kufungwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Jioni ile ikaja sahani ya kaimati kutoka kwa Bi Shamsa, imefunikwa vizuri kwa kawa, shira inametameta. Sahani haturudishi tupu, kwa hivyo niliirudisha na vipande vya papai. Kaimati nilizila mimi jikoni, nimesimama, zote, kwa hasira, na Mama yuko juu akiuliza ni nani aliyebisha hodi.

Ndiyo, mimi. Mwalimu wa lishe.

Na samaki wamemsaidia? Hilo ndilo swali ninalolala nalo. Sijui. Presha imeshuka, sukari imeshuka, daktari amenisifu. Lakini wiki iliyopita Mama aliniita kwa jina la dada yake siku nzima. Labda bila samaki angekuwa amekwisha nisahau kabisa. Labda ingekuwa vile vile. Siwezi kujua, maana sina Mama wa pili anayekula halua nikawalinganisha. Nina huyu mmoja.

Sasa nije kwenye udi.

Mama ni mpishi wa udi. Sisemi udi wa kununua kwa vipande dukani, nasema udi wa kupika, ule unaotiwa kwenye chetezo bibi harusi akafukizwa nguo na nywele. Sukari ndiyo mwanzo wake. Inayeyushwa mpaka ibadilike rangi, inatiwa marashi ya mawaridi, kisha sandali na udi uliotwangwa, na mwisho mafuta mazuri mazuri, kila mpishi na siri yake. Ikianza kupoa inafinywa vidonge bapa, ikaanikwa ndani mpaka ikakauka. Nusu ya mabibi harusi wa mtaa huu wamenukia mkono wa Mama. Marehemu Baba alikuwa akisema kwamba yeye hakumwoa, alifuata harufu tu akajikuta yuko ndani ya nyumba.

Nilipoitoa sukari nilikuwa nafikiria chai. Wallahi nilikuwa nafikiria chai tu. Sikufikiria udi hata mara moja, mpaka walipokuja watu wa kwanza kuagiza na mimi nikasikia mdomo wangu unawaambia Mama amepumzika, anazeeka, mumwie radhi. Nikawarudisha. Wakaja wengine nikawarudisha. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na ubaya, waliniombea dua wakaenda zao. Mama akawa anashinda dirishani, mikono mapajani. Mikono yenyewe ilikuwa haitulii, ikifinyafinya upindo wa leso, na mimi nikidhani ni uzee.

Leo asubuhi Bi Shamsa alivuka uchochoro na mvua yote ile, mwavuli mkononi. Binti yake wa mwisho anaolewa wiki ijayo. Ndani ya kikapu chake alikuwa na kila kitu: udi, sandali, chupa za mafuta, marashi, na mfuko wa sukari.

"Maryamu, mwanangu, najua wamtunza. Siji kukuharibia. Lakini huyu ndiye wa mwisho, na wote waliomtangulia wamefukizwa kwa udi wa Bi Aziza. Mwate apike huu mmoja."

Ningekataa. Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo. Lakini Mama alikuwa nyuma yangu kwenye ngazi, na alikuwa amekwisha kuisikia ile harufu ya sandali.

"Hiyo sandali imetwangwa vibaya," akasema. "Nipa kinu."

Ewe shajara, nisikilize. Nilimwona Mama akirudi. Aliketi kwenye kibao mbele ya seredani, akapepea makaa, akaweka sufuria ya shaba, akamimina sukari bila kupima. Hakuniuliza leo siku gani. Hakuniuliza lolote. Sukari ilipoanza kuchemka alidondosha tone kwenye bakuli la maji baridi, akaliminya kwa vidole, akatikisa kichwa, bado. Akangoja. Tone jingine. Sasa. Nilipotaka kumsaidia kukoroga alinipiga kofi dogo la mkono. "Si uji huo, Maryamu. Korogea upande mmoja."

Maryamu. Aliniita kwa jina langu, bila kulitafuta.

Marashi yalipoingia, moshi ukapanda, na mimi nikatoka nje ya jiko nikaegemea ukuta nikalia. Kwa furaha. Nilikuwa nafikiri mambo mengi ya kipumbavu. Kwamba samaki wamefanya kazi. Kwamba mboga zote zile zimejikusanya mahali fulani kichwani mwake na leo zimefungua mlango. Kwamba nitampigia simu Mahmudi dukani, nimwambie, umeona? Kwamba sukari yenyewe haikuwa adui, nitamruhusu apike udi, kila wiki kama anataka, ili mradi asiinywe. Nilipanga mwaka mzima pale ukutani.

Alasiri iliadhiniwa. Nikamwacha Mama amekwisha kuepua sufuria, anangoja ipoe. Nikapanda kuswali, na nikakaa juu ya msala zaidi ya kawaida kwa sababu nilikuwa na mengi ya kushukuru.

Niliposhuka niliwakuta sebuleni. Bi Shamsa alikuwa amekuja kuangalia kazi, amekaa ncha ya kochi, buibui linamchuruzika maji. Mbele yake Mama alikuwa ametandika kitambaa cha wageni, ameweka buli la kahawa na vikombe vidogo. Katikati aliweka ile sahani ya kioo inayotoka kabatini Idi kwa Idi.

Udi ulikuwa ndani ya sahani. Hakuufinya vidonge. Alikuwa ameutandaza kwenye sinia na kuukata vipande vya pembe nne, sawa sawa, kama kashata, na juu ya kila kipande amebandika lozi moja. Ni lozi nilizokuwa nimemnunulia kwa ajili ya ubongo wake.

"Kula, Bi Shamsa, usione haya," Mama alikuwa akisema. "Nimeipika sasa hivi, i moto."

Bi Shamsa alinitazama. Nilisimama kwenye ngazi, mkono ukutani. Bi Shamsa ni mwanamke aliyelelewa, na nitamkumbukia jambo hili mpaka nife: alichukua kipande kwa mkono wa kulia, akasema bismillahi, akakifunga kwenye pembe ya leso yake taratibu. "Ahsante, Bi Aziza. Nimefunga leo. Nitafuturu nacho."

Hakufunga. Nilimwona asubuhi akitafuna tambuu.

Mama akanigeukia. Macho yanang'aa, uso mkunjufu, mwenyeji hasa, kama alivyokuwa wageni walipokuwa wakijaa nyumba hii mpaka viatu vinafika barazani.

"Ndoo, mwanangu. Ndoo ule nawe. Nyumba hii siku nyingi haijaonja kitamu."

Nilikwenda. Nilikaa. Alinichagulia kipande mwenyewe, akanitia mdomoni kwa mkono wake, na mimi nikatafuna. Sandali ni mti, inabaki kwenye meno kama mchanga. Marashi na miski yanachoma koo. Sukari ilikuwamo, mbali, chini ya yote. Nilimeza.

"Ni tamu?"

"Ni tamu, Mama."

Alifurahi. Ee Mola, alifurahi. Tangu tuanze haya mambo ya mchicha sijamwona akifurahi namna ile kwa kunilisha, na hapo nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyemlisha miezi yote hii, yeye hajapata nafasi ya kumlisha mtu. Kisha akanyoosha mkono akachukua kipande kingine, chake sasa.

Nikamshika mkono kabla haujafika mdomoni.

Akaniangalia, kisha akakiangalia kile kipande. "Hata hiki?"

"Hata hiki, Mama."

Nilingoja maneno. Nilingoja anitolee kauli moja ya zile zake, kuhusu ndege, kuhusu maji ya kuoshea bilauri, anisute mbele ya mgeni. Nilikuwa tayari, na nadhani nilitaka. Akakirudisha kipande sahanini, akakipanga vizuri na wenzake, akafuta vidole kwa leso.

"Haya," akasema.

Ilikuwa "haya" ya mtu aliyezoea.

Bi Shamsa alipoondoka alinishika bega mlangoni. Nilimwambia nitamtafutia udi mwingine dukani, akasema, "Wata, mwanangu. Nitaufukiza huu huu. Utanukia." Akauvuka tena uchochoro na udi wake ndani ya sinia, chini ya mwavuli.

Mama amelala mapema. Alikula samaki wake wote, na mboga, na papai, bila neno. Nimekaa hapa jikoni na mfuko wa sukari iliyobaki, nusu yake. Bi Shamsa aliuacha, sijui kwa kusahau au kwa makusudi. Sijautupa, wala sijauficha. Umekaa mezani, nami nimekaa, tunatazamana.

Miezi yote hii nilikuwa nikiomba azoee. Sasa nimemwona amezoea, na nimeogopa kuliko siku ya ule mchele, kuliko siku nzima aliyoniita kwa jina la dada yake. Sijui kama ni adabu tu mbele ya mgeni. Sijui kama ni samaki wamemtuliza au ni kitu kingine kimeondoka, kile kilichokuwa kikimfanya anibishie. Daktari hatanijibu hili. Wanafunzi wangu wanaandika kila neno ninalosema ubaoni, na mimi hapa sina hata neno moja.

Asubuhi nitapika chai kavu kama kawaida, nimpelekee dirishani. Akiniuliza ni chai au ni maji ya kuoshea bilauri, nitamshukuru Mungu.

Asiponiuliza, sijui.